Dirisha Lililoshika Mikono

Naapa kwa Mikaeli wa kanisa letu, na kwa meno yangu manne yaliyobaki, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli kuanzia neno la kwanza. Najua wanavyonisema hapa Zenabber. Wubishet akikwambia mvua inanyesha, toka nje unyooshe mkono. Haya, nyoosheni. Safari hii mkono utarudi umelowa. Niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona nimesimuliwa na Inspekta Yeshimebet mwenyewe, mwanamke asiyejua kupamba maneno, wala sikuongeza hata chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili.

Ilikuwa tarehe mbili Pagume, zile siku tano ambazo mwaka umeshakwisha na mpya haujabisha hodi. Saa saba mchana Inspekta alivuta kiti, akaketi mbele ya Ayalneh Birru katika chumba cha nyuma cha kituo cha polisi. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa namna ambayo mtu alilazimika kuinama ili asikike.

Mambo aliyokuwa nayo kwenye daftari yalikuwa machache. Jana asubuhi maji ya bwawa yalifika alama ya njano. Njano ndiyo ya kupiga king'ora ili watu watoke mtoni. King'ora hakikulia. Robo saa baadaye maji yalifika alama nyekundu, na lango likajifungua lenyewe, maana ndivyo lilivyotengenezwa. Lisipofunguka, bwawa zima litateremka. Mto ukamchukua Etagegn, mama mmoja aliyekuwa akifua mablanketi ya mwaka mpya. Mwili ulikuwa haujaonekana. Na kitufe cha king'ora kilikuwa chini ya mkono wa mtu mmoja tu, fundi wa zamu, huyu Ayalneh.

"Ulilala," Inspekta alisema.

"Sikulala, mama."

"Ulikunywa araki."

"Zamu ya asubuhi? Mke wangu angeninyonga kabla yenu."

"Basi kwa nini hukupiga king'ora?"

"Mashine ilinishika mikono."

Sajini aliyesimama mlangoni alicheka kwa pua. Inspekta hakucheka. Aliisogeza meza katikati yao.

"Nioneshe. Hii ndiyo kibodi. Fanya ulivyofanya."

Ayalneh aliutazama ubao mtupu kama mtu anayeoneshwa shimo. Kisha akaweka mikono juu yake.

"Maji yakifika njano, linatokea dirisha dogo kwenye skrini. La kutia sahihi. Unaandika jina, unachagua mwezi, unachagua siku, unabonyeza Sawa. Likiondoka ndipo unapiga king'ora. Siku zote ni nusu dakika."

"Na jana?"

"Jana lilisema tarehe si ya leo. Nikachagua tena. Si ya leo. Naipitisha orodha juu, chini, macho hayasomi tena, mama. Nikataka kuliacha niende kwenye kitufe. Kipanya hakitoki. Nausukuma mshale, unafika ukingo wa dirisha unagota, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kitufe chekundu nakiona pale pale, karibu kuliko wewe ulivyo. Sikifikii."

"Kuna kitufe cha king'ora kwenye kibodi pia."

"Nilikipiga mara ishirini. Kila nilichopiga kilimezwa na dirisha."

"Ukaizima mashine. Kumbukumbu yake inasema saa tatu kasoro dakika nane."

"Niliizima ili iniachie."

"Ikakuachia?"

"Ilichukua dakika nne kuamka. Ikarudi na dirisha lile lile."

"Ndipo ukakimbia."

"Ndipo nikakimbia ukingoni kupiga kelele. Mvua ilimeza sauti yangu." Aliitoa mikono mezani, akaificha mapajani. "Mama Inspekta, leo nani amekaa kwenye kiti changu?"

Inspekta alisikiliza bati.

"Kwa sababu mvua haijakatika," Ayalneh alisema.

Njia ya kwenda bwawani inafuata mto. Inspekta aliendesha polepole, na kupitia kioo aliwaona watu wa Etagegn, arobaini hivi, wametapakaa ukingoni na majini, wakichokoa matope kwa fito ndefu. Mbele yao alikuwa msichana aliyejifunga shamma, shuka nyeupe ya pamba, kiunoni, maji yamemfika magotini. Huyo alikuwa Meaza, binti wa marehemu. Inspekta alisimamisha gari.

"Tokeni mtoni," aliwaambia. "Maji yanaweza kuachiwa."

"King'ora kikilia tutatoka," mzee mmoja alijibu.

"Jana hakikulia."

"Jana alikuwepo yule mlevi. Leo mmemfunga."

Meaza hakugeuka hata kutazama. Alikuwa akichomeka fito, anaitoa, anachomeka tena.

Katika chumba cha mitambo alimkuta meneja, Injinia Melkamu, amekaa mwenyewe kwenye kiti cha zamu, bado amevaa koti. Mafundi wote walikuwa wamekikataa kiti. Padri alikuwa ameshapita kunyunyiza maji ya baraka, na hakuwa amebagua. Kibodi ilikuwa na matone.

"Kesi yako ni nyepesi, Inspekta," Melkamu alisema. "Ayalneh alimwaga kahawa kwenye kibodi, ikaharibika, akaogopa, akazima mashine kuficha. Gusa uone. Inanata."

Ilikuwa inanata kweli. Inspekta akaichomoa, akaibeba kwapani mpaka ofisi ya karani wa mishahara, akaichomeka kwenye kompyuta ya huko. Akabonyeza kitufe kimoja kimoja, kuanzia kona ya juu hadi kona ya chini, huku akitia alama kwenye daftari. Karani alimtazama akiwa na mkate mdomoni. Vitufe vyote viliandika. Wakati akisubiri karani afunge faili, Inspekta alisoma kilichokuwa ukutani, kwa sababu yeye husoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia sukari. Ilikuwa orodha ya malipo ya mwaka.

Alirudi na kibodi.

"Kahawa haina kosa," alisema. "Na king'ora?"

"Kizima. Jana jioni nilikipiga mbele ya sajini wako. Muulize."

"Wakati huo maji yalikuwa wapi?"

"Yalishashuka. Chini ya njano."

"Kwa hiyo dirisha la sahihi halikuwepo."

"Halikuwepo."

"Basi ulijaribu kufuli mlango ukiwa wazi."

Melkamu alianza kuifuta kibodi kwa mkono wa koti.

"Dirisha hilo alilitengeneza nani?"

"Wageni, hao hao waliotuuzia mitambo. Walilituma mwezi wa Tir, miezi saba iliyopita. Muulize Gashe Wubishet, ndiye aliyelisimika."

Hapo ndipo ninapoingia mimi, ambaye wadogo huniita Gashe kwa heshima ya uzee. Nilikuwa kwenye kantini, chini ya ngazi, na sahani ya shiro, mchuzi mzito wa dengu, mbele yangu. Miaka thelathini na mmoja nimepaka grisi malango ya bwawa lile. Kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada wala kurasa kumi za mwanzo, na mashine iliyotupwa jalalani ambayo niliifufua kwa waya wa redio. Nilistaafu mwezi wa Sene. Nilikuwa nikija bado kila siku, kwa sababu shiro ya kantini ni nzito kuliko ya nyumbani, na hilo msimwambie mke wangu.

Wasomaji wangu, niwaeleze wazi: dirisha lile lilitengenezwa na wageni. Mimi nilipokea tu, nikaweka.

"Wageni wa wapi, Gashe?" Inspekta aliuliza. Alikuwa amesimama, mimi nimekaa, na hakukubali kiti.

"Wa mbali, mwanangu."

"Mbali wapi?"

"Kule wanakokula viazi kila siku."

Akaandika. Niliona kwa macho yangu, aliandika: viazi.

"Na kwa nini dirisha linashika kipanya na kibodi?"

"Wajanja wale. Watu wa zamu walikuwa wanaliruka daftari. Mtu anapiga king'ora, hatii sahihi, kesho hajulikani alikuwa nani. Sasa dirisha likija, kila kitu kinakuwa chake. Huwezi kugusa kingine mpaka umetia sahihi. Ni kazi ya ustadi mno." Nilijisikia nikiisifu, nikanyamaza nikala shiro.

"Nataka kuliona," alisema. "Tunaliitaje?"

Lilikuwa haliitiki mpaka maji yafike njano. Lakini bwawa halijui maji, linajua boya. Boya lile linaelea ndani ya kisima chembamba cha saruji kando ya ukuta, na mnyororo wake ndio unaoiambia kompyuta kina. Ukilivuta boya kwa kamba kufika njano, mashine itadhani maji yamefika. Usivute zaidi, maana shubiri mbili juu yake kuna nyekundu. Kazi hiyo hakuna aliyeijua kunizidi. Nilipewa kamba na simu ya upepo, nikaenda kisimani, mvua ikiniingia kwenye kola. Mvua ile ilikuwa nene hata samaki angeweza kuipanda mpaka paani, na hilo nalo ni kweli.

Juu, Inspekta alikalia kiti cha zamu. Melkamu alisimama nyuma yake.

"Vuta," alisema kwenye simu.

Nilivuta.

Anasema dirisha halikuja kwa kelele. Mara skrini ilikuwa na michoro yake ya malango na namba, mara katikati kulikuwa na kisanduku cha kijivu. Jina. Mwezi. Siku. Sawa. Aliupeleka mshale kulia, kuelekea kitufe chekundu. Ukasimama ukingoni. Akasukuma kipanya mpaka kikaanguka kutoka mezani. Mshale ulitetemeka pale pale. Akapiga kitufe cha king'ora kwenye kibodi. Ndani ya dirisha ikatokea alama moja, kwenye nafasi ya jina. Akakipiga tena. Alama mbili. Kila kidole chake kilikuwa kikifanya kazi, na kila kilichofanywa na kidole kiliishia mle ndani.

Ameshashikwa mkono na wauaji wawili katika kazi yake, aliniambia, na hakuwahi kuogopa vile. Mtu ukimpiga teke anaachia.

Akaandika jina lake. Akafungua orodha ya miezi, akachagua, akaweka siku, akabonyeza Sawa.

Tarehe si ya leo.

"Umekosea mwezi," Melkamu alisema.

"Nimeona. Subiri." Aliishika simu. "Gashe, imetosha. Shusha kamba."

"Nimeshashusha," nilisema.

"Dirisha bado lipo."

Nilikuwa nimeinama juu ya kisima na tochi. Kamba ilikuwa imelegea mkononi mwangu, imejikunja kama nyoka aliyelala. Boya lilikuwa pale pale juu.

"Inspekta," nikasema, "kamba nimeiachia. Boya halishuki."

Maji yenyewe yalikuwa yamefika. Yalikuja chini ya boya wakati sisi tunacheza, yakalipokea.

Nilipanda zile ngazi ambazo daktari amenikataza. Nilipofika mlangoni, Melkamu alikuwa anapiga simu ya kanisa la chini wapige kengele, na simu haikuwa na mtandao. Akatupa simu, akachukua funguo za gari, akateremka mbio. Tulimsikia akiwasha, tukasikia magurudumu yakizunguka kwenye matope, yakizunguka, yakizunguka.

"Nyaya za king'ora ziko wapi?" Inspekta aliuliza bila kugeuka.

"Sanduku la chuma. Ufunguo uko makao makuu."

"Lango tukilizuia?"

"Bwawa litavunjika. Mto wote utashuka kwa mara moja."

"Muda?"

Nilitazama namba iliyokuwa ikipanda kwenye kona ya skrini. "Dakika kumi na mbili. Kumi na moja."

"Kuzima ni dakika nne, na linarudi." Alikuwa akizungumza na nafsi yake. Kupitia dirisha la kioo, mbali chini, fito zilionekana zikiinuka na kushuka kwenye mvua, nyembamba kama njiti. Walikuwa wakisubiri king'ora. Walituamini kwa sababu tulikuwa tumeshamfunga mwenye makosa.

Inspekta alifungua tena orodha ya miezi. Safari hii hakuchagua. Aliisoma kama alivyosoma ule ukuta wa karani, na akaisoma kwa sauti ya chini.

"Hamle. Nehase. Meskerem."

Akasimama hapo. Kidole chake kilikuwa kati ya Nehase na Meskerem, kwenye mstari usiokuwa na kitu.

"Pagume haimo," alisema. "Miezi ni kumi na miwili. Mashine inajua kalenda, inajua leo ni tarehe mbili Pagume, inataka niseme hivyo. Na hainipi mahali pa kusema. Ayalneh hata angekuwa malaika asingetoka humu."

"Wageni hao," nilisema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Hawajui mwezi wetu wa kumi na tatu."

"Mgeni angetafuta miezi yetu kitabuni. Angeanza na Meskerem, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kitabu kingempa yote kumi na mitatu." Hakuwa ananiangalia. "Hii inaanza na Hamle. Nani anaanzisha mwaka Hamle? Mwaka wa serikali. Mwaka wa mishahara. Na nani anayeruka Pagume? Mtu anayepokea mshahara, kwa sababu Pagume hatulipwi. Imenakiliwa kwenye ile karatasi ya karani, mstari kwa mstari." Sasa aligeuka. "Gashe, huko viazini wanalipwa kuanzia Hamle?"

Niliwaambia hapo juu kwamba ni wageni. Niliwaambia nanyi, mliokaa mkasoma kwa nia njema. Hakukuwa na mgeni. Nilikaa na dirisha lile miezi miwili, jikoni kwangu, nikilifundisha kushika. Nilisema limetoka ng'ambo kwa sababu Melkamu angeambiwa ni kazi ya mpakaji wa grisi angelitupa jalalani nilikookota mashine. Na jana, nilipoambiwa Ayalneh anasema mikono ilishikwa, nilijua. Sikuijua sababu, lakini nilijua ni mikono ya nani iliyomshika. Nikaenda kula.

"Saa hii hakuna kesi," Inspekta alisema. "Nakuuliza kitu kimoja. Kuna njia ya kutokea?"

"Ipo."

"Kaa."

Aliacha kiti. Nikakaa. Kulikuwa na joto lake.

Vitufe vitatu kwa pamoja vinakutoa nje ya madirisha yote, mpaka kwenye skrini nyeusi isiyo na michoro, ni kama kuzunguka nyuma ya nyumba. Huko dirisha halina mkono. Lakini huko unaulizwa wewe ni nani, na anayekubaliwa ni yule tu aliyesajiliwa. Niliandika jina langu. Herufi nyeupe, kubwa, na Inspekta amesimama begani. Kisha neno la siri.

Nilikosea. Vidole vilikuwa vimepoa kwa mvua, na havikuwa vyangu.

"Tena," alisema.

Nikakosea tena.

"Dakika nane, Gashe. Usiangalie nje. Angalia vidole."

Ukikosea mara tatu mashine inafunga mlango kwa nusu saa. Hilo pia nililiweka mimi, kwa ustadi. Sikumwambia. Nilivikausha vidole kwenye nywele zangu, nikaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku nikiitamka kila moja kama ninayejifunza kusoma.

Mlango ulifunguka. Nililitafuta dirisha katika orodha ya vilivyo hai, nikaliua kwa jina lake. Nikarudi mbele. Kisanduku cha kijivu hakikuwepo, na mshale ulikimbia skrini nzima kwa kuguswa tu.

Inspekta alipitisha mkono juu ya bega langu, akashika kipanya, akabonyeza kitufe chekundu.

Nimekisikia king'ora kile miaka mingi, na sikuwahi kusikia namna kinavyoanzia chini tumboni. Kililia. Tulisimama kwenye kioo. Fito zilisimama. Kisha zilianza kwenda juu, kuelekea barabarani, moja, tatu, kundi. Shamma moja nyeupe ilibaki katikati ya maji.

"Toka," Inspekta alisema kwa kioo. "Toka, mwanangu, toka."

Namba kwenye kona ilikuwa imebakisha upana wa vidole viwili kufika nyekundu. Mtu alirudi majini, kisha mwingine. Tuliona shamma ikivutwa, ikikataa, ikivutwa. Mvua ikafunga pazia hatukuona tena. Chini ya miguu yetu sakafu ilinguruma, na lango likafunguka.

Inspekta aliteremka kwa miguu. Mimi nilibaki kitini. Alirudi baada ya saa nzima, matope mpaka mapajani, akasimama mlangoni.

"Arobaini na mmoja," alisema. "Nimewahesabu mara tatu. Msichana alikuwa ameona ncha ya blanketi, hakutaka kuiacha. Mjomba wake amemng'ata mkono ili aachie."

Nikalia, sina aibu kuliandika.

"Ayalneh analala kwake leo," alisema. "Wewe utakuja kuandika maelezo. Yaandike mafupi. Mambo ya mahakama yatakuja baada ya mwaka mpya."

"Nikishaandika?"

"Hapo hunihitaji mimi. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kinachofanywa."

Nilijua. Siku iliyofuata, siku ya Rufaeli, maji yaliposhuka, walimpata Etagegn kwenye kona ya mierebi. Walimzika siku hiyo hiyo. Nilisubiri hadi asubuhi ya mwisho ya Pagume, kisha nikachukua jiwe, nikaliweka shingoni, nikalishika kwa mikono miwili, nikainama kama inavyotakiwa mtu anapokwenda kuomba msamaha wa damu. Wazee watatu walitembea mbele yangu. Ayalneh alikuwa kwenye baraza lake. Hakunisalimu, lakini aliinuka tukapita.

Mlangoni kwa Etagegn wazee walisema yao. Kwa desturi, wenye msiba wakikubali, wanakuja kulitua jiwe kwa mikono yao. Alitoka Meaza. Nilikuwa naona miguu yake tu, na bandeji kwenye kifundo cha mkono uliokuwa ukining'inia.

"Mwanangu," nilianza, "jiwe hili, tangu babu yangu, ni jiwe ambalo hata majitu ya…"

"Nani aliandika miezi?"

"Mimi."

"Ulisema ni nani?"

"Nilisema ni wageni."

"Uliandika mingapi?"

"Kumi na miwili. Niliinakili kwenye karatasi ya mishahara. Sikuihesabu."

Mzee mmoja alikohoa, akamkumbusha Meaza kwa upole kwamba jiwe ni zito na mtu ni mzee.

"Namwona," Meaza alisema. Kisha akaniambia, "Nenda nalo pale mama alipokuwa anafua. Utembee mpaka pale alipopatikana. Halafu urudi uniambie ni umbali gani."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia jambo hilo. Lakini neno ni la mwenye msiba.

Nilikwenda. Ukingo ule una mawe ya kuteleza, vichaka vya miiba, na mahali pawili unalazimika kuingia majini. Nilipumzika mara nyingi, bila kulitua. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na kila nilipopoteza hesabu nilirudi kwenye jiwe la kufulia nikaanza upya. Nilipoteza mara mbili.

Nilirudi jua limeegemea upande wa magharibi. Wazee walishakwenda zao. Meaza alikuwa amekaa kizingitini, anachambua dengu kwa mkono mmoja.

"Hatua elfu mbili mia tisa na kumi na moja," nilisema.

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kidogo kwenye dengu, akakitupa.

"Kesho nitatembea mwenyewe nihesabu," alisema, akaingia ndani, na mimi nikabaki uani, jiwe shingoni.